Kiti cha kupumzikia cha mbao (projekti ya chuo): nikikaa nateleza kuja mbele, nimekosea wapi?

mwanzo_wa_mbao:

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada na msinifiche kitu. Nasomea ubunifu wa samani, mwaka wa pili, na projekti ya muhula huu kila mtu anabuni na kutengeneza kiti cha kupumzikia cha mbao, siyo cha mezani wala cha ofisini, ni kile cha kukaa ukajiachia, unasoma au unafumba macho kidogo. Masharti ni mchoro uwe wako, ujenge mwenyewe, skrubu isionekane popote, na siku ya mwisho walimu wanakikalia mmoja mmoja. Zimebaki wiki tano.

Mchoro nimeufanya kwenye kompyuta na kusema kweli ukiutazama kwa ubavu unapendeza sana, mstari mmoja unaanzia mguu wa nyuma unapanda unajikunja unakuwa egemeo la mgongo. Mwalimu kaupitisha. Nikaona kabla sijagusa mbao ngumu nipigilie kwanza fremu ya majaribio kwa paini za mabaki, vipimo vilevile vya kwenye mchoro, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Vipimo vyenyewe: kikalio kuanzia ukingo wa mbele mpaka kwenye egemeo ni sm 58, kimo mbele sm 42 na nyuma sm 39, egemeo lina urefu wa sm 70 na limefunguka digrii 120 kutoka kwenye kikalio. Miguu ya nyuma inatua chini ya mwisho wa kikalio, sawasawa kabisa.

Sasa nikikaa dakika ya kwanza raha, ikifika ya tano kiuno kimeshasogea katikati ya kikalio, mgongo umejikunja kama upinde, inabidi nijivute tena nyuma. Rafiki yangu ambaye ni mfupi akiegemea miguu yake inaning'inia. Na jana jamaa mmoja mrefu alikaa akanyoosha mikono nyuma ya kichwa, miguu ya mbele ya kiti ikanyanyuka sakafuni, bahati nilikuwa nyuma yake nikamdaka.

Nifanyeje? Niweke sponji nene? Nitafute kitambaa kisichoteleza? Na swali la pili, viungo nitumie ulimi na tundu (ncha ya mbao moja inachongwa iingie kwenye tundu la nyingine) au doweli (vijiti vya mviringo vinavyoingia kwenye matundu ya mbao zote mbili)? Jumamosi ndiyo napangiwa zamu ya mashine nianze kukata mbao yenyewe.

---

randa_kali:

Mdogo wangu Jumamosi usikate chochote. Waachie wengine hiyo zamu, wewe chukua ya wiki inayofuata. Mbao ngumu ikishakatwa kona imekatwa, huwezi kuirudishia.

Na sponji haitibu hilo. Itakuficha siku mbili tatu kisha utateleza pamoja na sponji yako.

---

Fundi Viti:

Hongera kwanza kwa kupigilia fremu ya paini, wanafunzi wengi niliowaona wanatoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye mbao nzuri halafu wanalia mwishoni. Hiyo fremu yako imeshakuambia kila kitu, nakutafsiria tu.

Kwanza kuteleza. Egemeo likilala, wewe unalisukuma kwenda nyuma lakini na lenyewe linakusukuma, na ule msukumo unashuka na mgongo mpaka kwenye nyonga unazipeleka mbele. Kinachozizuia nyonga vizuri ni kikalio kuinama kwenda nyuma, yaani mbele kuwe juu kuliko nyuma kiasi cha kutosha ili uzito wako mwenyewe ukurudishe kwenye kona. Wewe umelaza egemeo sana ila kikalio umekiacha karibu bapa, sm 3 kwenye sm 58 ni kama digrii 3 tu, hicho ni kikalio cha kiti cha mezani umekifunga egemeo la kiti cha kulalia, ndiyo maana vinagombana. Kiti cha kupumzikia kikalio huwa kinainama digrii 10 mpaka 15 hivi, na kona kati ya kikalio na egemeo iwe 100 mpaka 110. Hapo mwili unatulia wenyewe, hauhitaji kujishikilia.

Pili huyo rafiki yako mfupi. Sm 58 ni nyingi mno kwa kiti ambacho hakina mito ya kujazia mgongoni. Mtu mfupi akisogea mpaka agusane na egemeo, ukingo wa mbele unamkaba nyuma ya goti, akiukwepa anakaa mbele na mgongo unabaki hewani. Anza na 50. Ukikaa vizuri upate nafasi ya vidole vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti lako. Hapa kuna jambo nililichelewa sana kulielewa, kwamba kimo cha kikalio na kina chake anayeviamua ni mtu mfupi, upana na urefu wa egemeo anayeviamua ni mtu mkubwa. Ukichukua vipimo vya mtu wa wastani kwa kila kitu utawakosa wote wawili.

Tatu kupinduka. Egemeo likilala uzito unahamia nyuma, na miguu yako imebaki palepale chini ya mwisho wa kikalio. Ipeleke nyuma. Mimi nafanya hivi, nashusha timazi (kamba yenye uzito mwishoni) kutoka katikati ya egemeo, pale inapogusa sakafu ndipo mguu wa nyuma utue au upite kidogo. Kwa egemeo la sm 70 lililolala kiasi hicho unaongelea kama sm 16 hadi 19 nyuma ya mwisho wa kikalio. Usifanye makadirio, shusha kamba.

Ila sasa hizo namba nilizokupa usizikimbize kwenye kompyuta ukachora upya kisha ukakate. Namba ni za kuanzia. Kona ya kiti inapatikana kwa makalio siyo kwa penseli. Tengeneza kitu cha kupimia, ni kazi ya jioni moja. Chukua vipande viwili vya plaiwudi, kimoja kikalio kimoja egemeo, viunganishe kwa bawaba mbili imara. Kile cha kikalio kiweke juu ya magogo ya mbao, mbele na nyuma, na egemeo ulishike kwa kamba nene kila upande kutoka juu ya egemeo mpaka ukingo wa mbele wa kikalio, kamba uweze kuilegeza na kuikaza. Weka kitu kizito au ukuta nyuma kwa usalama. Kisha andaa vibao vya unene wa sm 1, vingi.

Mkalishe mtu. Mwache dakika kumi asome kitu, asikae kama anapigwa picha. Ongeza kibao kimoja chini ya mbele, muulize. Toa, muulize. Legeza kamba kidogo, muulize. Utashangaa, kibao kimoja cha sentimita moja mtu anakihisi mgongo mzima. Utamwona mwenyewe ikifika mahali pake, mabega yanashuka, anaacha kuhangaika na miguu, hata jibu lake linachelewa. Hapo pima, andika, mwite mwingine.

---

dada_msasa:

Naunga mkono hapo juu kwa asilimia mia, hasa hizo dakika kumi. Naongeza kitu ambacho kwenye projekti yangu mimi kilinigharimu na kwenye mchoro wako nakiona kilekile.

Umesema mguu wa nyuma na egemeo ni kipande kimoja kinachojikunja. Unakikata kutoka kwenye ubao mpana si ndiyo? Basi angalia nyuzi za mbao. Ubao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, wewe ukikata umbo lililokunjika nyuzi hazikunji, zinaendelea kunyooka na kutokea ubavuni. Kwa hiyo ukipanga mguu ufuate nyuzi basi pale juu kwenye egemeo nyuzi zinapita kimshazari, ukipanga egemeo lifuate basi mguu ndio unakuwa dhaifu. Mbao ina nguvu kufuata nyuzi, kukatiza nyuzi inapasuka kirahisi mno.

Changu kilipasuka siku ya pili baada ya kukipaka mafuta. Hakuna aliyeruka juu yake, mtu alikaa tu na kuegemea, ikalia ta! na mguu ukaachia juu kidogo ya kiungo. Nilipookota kile kipande mpasuko ulikuwa laini, umekatika safi kama chaki, hakuna hata nyuzi moja iliyochomoza. Ndipo nikajua kwamba hapakuwa na kitu kilichoshika pale, gundi ilikuwa nzima, kiungo kizima, mbao ndiyo haikuwa na uzi wa kushikana.

Njia ninazozijua ni tatu. Ya kwanza utenganishe, mguu kipande chake na egemeo kipande chake, kila kimoja nyuzi zake zinakwenda na urefu wake, kisha uviunganishe kwa kiungo kizuri. Mstari wako mmoja utakuwa mistari miwili ila inaweza kupendeza vilevile. Ya pili ubaki na kipande kimoja lakini upunguze kona na uigeuze pateni (kiolezo cha umbo unalokata) juu ya ubao mpaka nyuzi zigawane kona, yaani kona ikiwa digrii 27 usiipe yote sehemu moja, na utafute ubao ambao nyuzi zake zenyewe zimejipinda kidogo kuelekea unakotaka. Ya tatu uchane mbao vipande vyembamba vya kama mm 3, uvipake gundi, uvibane vyote pamoja juu ya kalibu iliyokunjwa, vikikauka vinabaki na umbo na nyuzi zinafuata mkunjo wote. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo inayokula muda, kalibu peke yake ni siku mbili, halafu ukiifungua inarudi nyuma kidogo kwa hiyo kalibu unaikunja zaidi ya unavyotaka.

Aalto, yule msanifu wa Finland, kwenye kiti chake cha hospitali ya kifua kikuu ya Paimio miaka ya mwanzo ya 1930 alitumia mbao za kukunja za namna hiyo, mti uitwao birch, na egemeo alilipa mlalo wa kumsaidia mgonjwa kupumua vizuri. Yaani kona ilitoka kwa mtu anayekaa, umbo likafuata. Nakutajia huyo kwa sababu wengi wetu tunapenda mkunjo wake tunasahau ulikuwa na kazi gani.

---

mwanzo_wa_mbao:

Dada nimeenda kuangalia ubao wangu sasa hivi nikiwa na pateni ya kadibodi mkononi. Ni kweli kabisa, nikilaza mguu kufuata nyuzi, egemeo lote nyuzi zinakatika kila baada ya sm 8 hivi. Sikuwahi kuliona hilo kwenye kompyuta, kule mbao ni rangi tu.

Zamu ya Jumamosi nimeiachia. Naanza hicho cha bawaba leo.

---

Pima Mara Mbili:

Mimi niko tofauti kidogo na wakuu hapo juu kwenye suala la ugumu. Huyu ni mwanafunzi ana wiki tano, msimpeleke kwenye kukunja mbao. Kuna kiti cha Rietveld wa Uholanzi, kile chekundu na bluu, kilianza mwaka 1918 bila rangi, rangi zikaja kama 1923. Kimejengwa kwa fito zilizonyooka na mbao mbili bapa, hakuna mkunjo hata mmoja, na viungo vyake ni doweli. Na ni kiti cha kupumzikia kabisa. Kwa hiyo doweli zinatosha, fanya doweli umalize mapema ubaki na muda wa msasa.

---

Fundi Viti:

Mkuu Pima nakubali kuhusu mistari iliyonyooka, hilo ni wazo zuri sana kwa muda alionao. Ila kwenye doweli tuwe waangalifu, tusimpe nusu ya habari. Kile kiti cha Rietveld fito hazikutani kichwa kwa ubavu, zinapitana, moja inaegemea ubavu wa nyingine na doweli inazishona pale zinapogusana, na zote zinaendelea mbele kidogo kupita makutano. Kwa hiyo mbao inakaa juu ya mbao. Huyu kijana kiti chake mbao ya pembeni ya kikalio inagonga mguu wa nyuma kwa kichwa, na kichwa cha mbao hakishiki gundi vizuri kwa sababu ni kama mirija iliyokatwa, inanyonya gundi yote. Hapo doweli mbili nyembamba ndizo zitabeba kila kitu.

Na hicho ndicho kiungo kinachoteseka kuliko vyote kwenye kiti chochote, mbao ya pembeni na mguu wa nyuma. Kila mtu akiegemea, egemeo linakuwa mtarimbo mrefu na kile kiungo ndicho mhimili wake. Mtu akijinyoosha ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu, pale nyuma ulimi na tundu, usikwepe. Unene wa ulimi uwe theluthi ya mbao, mbao ya mm 30 ulimi mm 10, urefu wake mm 35 hadi 40 kama mguu unaruhusu. Lakini kinachosaidia kuliko unene ni kimo cha ile mbao ya pembeni, usiifanye ya mm 40 kwa sababu inaonekana nyepesi, ipe 70 au 80, maana ulimi mrefu kwa kwenda juu na chini ndio unaozuia kuyumba. Kiungo cha kimo kifupi hata kikichongwa na malaika kitalegea.

Halafu mikono ya kiti. Watu wanaichukulia kama mapambo. Mkono ukiunganishwa mguu wa mbele na egemeo unafunga umbo, sasa ubavu mzima ni fremu iliyofungwa pande nne, mzigo unagawanyika viungo vinne badala ya kimoja. Kiti chenye mikono unaweza kukipunguza unene, kisicho na mikono huwezi.

Sehemu nyingine kama fito za egemeo tumia doweli zako bila wasiwasi.

---

Pima Mara Mbili:

Hilo la kupitana sikulieleza, uko sahihi mkuu. Kijana chukua ya Fundi kwa kiungo cha nyuma.

---

mwanzo_wa_mbao:

Wakuu narudi na majibu. Watu tisa wamekaa kwenye kile kipimio, mfupi kabisa na mrefu kabisa wa darasani wakiwemo, kila mmoja dakika kumi. Nilianza na kikalio karibu bapa kama mchoro wangu, wote tisa waliteleza, siyo mimi peke yangu. Nikawa naongeza vibao mbele na kupunguza nyuma. Sita kati yao walitulia kwenye mbele sm 38, nyuma sm 28, kina sm 50. Nimepiga hesabu sm 10 kwa 50 ni digrii 11 na nusu. Egemeo kutoka kwenye kikalio digrii 106.

Mrefu alitaka lilale zaidi lakini lilipolala akaanza kulalamika shingo. Yule mfupi alikaa mpaka akasinzia kweli, nilimwamsha.

Tatizo jipya ni mama mmoja anayefanya kazi maktaba, nilimwomba akae kwa sababu wote wengine ni vijana, alipenda sana ila kuinuka ikawa kazi, alinishika mkono. Je nipandishe kikalio?

---

dada_msasa:

Umefanya vizuri sana kumwita huyo mama, wengi hawafanyi hivyo. Kumkalisha tu haitoshi, lazima uangalie anavyotoka.

Usipandishe, ukipandisha utampoteza mfupi. Fanya vitu viwili. Mikono ya kiti isogee mbele mpaka ifike ukingo wa kikalio au ipite kidogo, na mwisho wake uwe mpana wa kushika kiganja, kwa sababu mtu akiinuka anasukuma kutoka mbele siyo kutoka kiwikoni. Kimo kama sm 20 hivi juu ya kikalio. La pili, acha wazi chini mbele. Mtu akitaka kusimama anarudisha visigino nyuma chini ya kikalio, ukiweka mbao ya kuunganisha miguu ya mbele kule chini anaigonga na hawezi kurudisha miguu, anabaki anajirusha. Kama unahitaji mbao ya kuunganisha iweke katikati au nyuma.

Na ukingo wa mbele uuviringishe kabisa, paja linalala pale saa nzima. Usiupige msasa tu pembeni, uchonge kwa randa mpaka uwe mviringo, ukipitisha kiganja usihisi mahali ulipoanzia.

---

randa_kali:

Sasa chora upya, lakini siyo kwenye kompyuta. Chukua plaiwudi nzima uchore ubavu wa kiti kwa ukubwa wake halisi, sentimita kwa sentimita. Kona zote za mabega ya ndimi (pale mbao inapokatwa ulimi uanze) utazichukua moja kwa moja kutoka pale kwa kile kipimo cha kona kinachokunjika, husomi digrii, unaweka juu ya mstari, unakaza, unahamishia kwenye mbao. Ukianza kusoma digrii 11 na nusu kwenye mashine kila mara unakosea kidogo, na makosa manne madogo yakikutana kiti kinacheza.

Jambo jingine, ndimi zichonge zimenyooka kufuata nyuzi, kona iwe kwenye mabega tu. Ulimi ukiukata kimshazari unarudi kulekule alikokueleza dada hapo juu.

Wakati wa gundi anza na fremu za ubavu, kulia peke yake na kushoto peke yake, zilaze juu ya ule mchoro zikiwa zimebanwa uone kama zinafanana. Kesho yake ndiyo uunganishe mbao za katikati. Na kabla ya gundi unga kila kitu kikavu, ubane na klampu zote kama unavyotaka kufanya, maana kona zako siyo za mraba klampu zitateleza. Vile vipande vya kona ulivyokata ukatupa chini usivitupe, ndivyo vya kuweka kati ya klampu na mbao, vina kona ileile tayari.

---

mwanzo_wa_mbao:

Habari zenu tena. Imepita wiki tatu na nusu. Kiti kimesimama. Niliishia kutenganisha mguu na egemeo kama dada alivyosema, nikaona badala ya kuficha kiungo nikiache kionekane, mbao mbili zinapishana kidogo pale nyuma na kwa kweli nimekipenda kuliko ule mstari wangu wa kwanza, mwalimu naye alisimama pale pale akapitisha kidole. Mbao za pembeni kimo mm 75. Timazi ilitua sm 16 nyuma ya kikalio nikaweka miguu 18.

Shida ilitokea moja kwenye gundi. Fremu ya kushoto nilipoibana ilipinda kidogo, sikuiona mpaka asubuhi, nikiweka kiti sakafuni mguu mmoja unabaki juu kama mm 3. Nimekiweka juu ya meza ya mashine iliyo bapa kabisa, nikapiga mstari miguu yote minne kwa kuzungusha penseli juu ya kibao, nikakata kwa msumeno mdogo. Sasa kimetulia.

Yule jamaa mrefu amejinyoosha tena mikono nyuma ya kichwa. Miguu ya mbele haikusogea. Na mama wa maktaba ameinuka mwenyewe, ameshika mikono ya kiti mbele akasimama, sikutoa mkono.

Nimeshapiga msasa wa namba 80, 120, 180, nimefuta vumbi. Nataka kupaka mafuta ya kitani leo jioni, kuna la kuzingatia?

---

dada_msasa:

Nimefurahi mpaka basi, hasa hiyo ya mama.

Kabla ya mafuta pitisha kitambaa chenye maji kidogo, acha kiti kikauke, nyuzi ndogo zitasimama, zipitie kwa 220 mkono mwepesi. Mafuta paka kidogo, subiri kama dakika ishirini, kisha futa yote yaliyobaki juu, ukiyaacha yanakuwa gundi gundi wiki nzima. Rudia kesho, na keshokutwa.

Sasa soma hapa vizuri. Vitambaa utakavyofutia usivikunje ukavirundika kwenye kona wala kwenye ndoo ya takataka. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa lile joto halina pa kutokea, linapanda mpaka kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu vimekakamaa, au vitie kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko. Karakana ina maranda kila mahali na usiku hamna mtu.

---

mwanzo_wa_mbao:

Sikujua kabisa hilo. Nilikuwa nimeshapaka egemeo kwa majaribio mchana na kitambaa nilikisokota nikakiweka chini ya meza. Nimetoka mbio kukichukua, kilikuwa na uvuguvugu. Nimekitandaza nje kwenye waya, na nimeandika karatasi nimebandika juu ya ndoo ya takataka ya karakana wengine nao wasome.